Wakuu, kazini nimepewa namba badala ya jina, hii kisheria imekaaje?

Kumi na Saba
Habari za usiku wakuu. Niko Dodoma maeneo ya Nkuhungu, nafanya mauzo ya bidhaa za afya kwenye kampuni moja, sitaitaja. Tunakaa nyumba moja wote, vijana thelathini na kitu. Sasa kuanzia mwezi wa tatu kila mtu kapewa namba, jina halitumiki tena, mimi ni 17. Na hairuhusiwi kusema "mimi", unasema "sisi", yani hata unaenda chooni peke yako unaaga sisi tunaenda chooni. Ukikosea ni jero, inaingia kwenye kopo la maziwa ya unga lipo juu ya friji. Simu zinakusanywa kwenye ndoo saa mbili usiku (leo nimebaki na yangu). Mapazia yameondolewa vyumba vyote eti asiye na siri hahitaji pazia, na upepo wa Dodoma mnaujua, vumbi lote linalala na sisi kitandani. Jumapili kuna kikao cha kutajana makosa. Wengi wameshazoea isipokuwa kuna dogo mmoja namba 31 anasumbua sana, kila siku faini. Swali langu ni moja tu, hili la namba kisheria limekaaje? Msitukane tafadhali.

Kisu Butu
NIDA wamekupa namba ya tarakimu 20 hukuja kulia humu. 17 ni fupi, shukuru.

Mama Zabibu
Pole mwanangu, hapo toka. Mimi nilikuwa dada wa kazi nyumba moja Area D, miezi nane naitwa "we dada", siku naondoka mama mwenye nyumba anataka kuniandikia karatasi ya kunisifia akaniuliza hivi unaitwa nani vile? Nililia mpaka stendi. Na ile karatasi nilifungia maandazi.

Wakili wa Kitaa
Namba yenyewe sio kesi, hata askari ana namba. Kesi ipo kwenye hizo faini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haijampa mwajiri ruhusa ya kukata hela ya mtu anavyojisikia. Una mkataba? Unalipwa mshahara au kamisheni? Na ukiachishwa una siku 30 kupeleka lalamiko CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, usije humu siku ya 45 unasema nisaidieni.

Kumi na Saba
Mkataba hatuna, ni kamisheni. Kuingia unatoa laki tatu na nusu ya mzigo wa kuanzia.

Kisu Butu
Yani umelipa 350,000 upewe namba. Si ungesajili laini tu mkuu.

Mzee wa Chamwino
Vijana mnashangaa vitu vidogo. Sisi 1974 nikiwa mtoto tulihamishwa kwenye Operesheni Vijiji, nyumba zikapangwa mstari kama madawati, baba akawa anapotea usiku anaingia kwa jirani mpaka akafunga kitambaa chekundu mlangoni ndo akawa anapajua kwake. Lakini jina hawakumnyang'anya, balozi wa nyumba kumi alikuwa anamwita kwa jina la babu yake kabisa. Ila nidhamu nayo si mbaya, siku hizi mimi mimi imezidi ndio maana ndoa hazidumu.

Binti Mpwapwa
Ndoa zimeingiaje hapa mzee wangu 😂 Mleta mada nijibu mimi. Simu zote kwenye ndoo, yako imebakije?

Kumi na Saba
Ni utaratibu tu, viongozi tunabaki nazo.

Binti Mpwapwa
Tunabaki?

Msomi Njaa
Jamani tulieni, hii ni chai na jiko lililoipika nalijua, nasoma fasihi UDOM. Kuna Mrusi anaitwa Zamyatin, miaka ya 1920 aliandika riwaya, jina lake ukilitafsiri ni "Sisi", humo watu ni namba, msimulizi anaitwa D-503, nyumba ni za vioo na pazia unashusha kwa kibali tu. Jamaa kaondoa vioo kaweka Nkuhungu. Si bora angeiba Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951, ni ya kwetu, na Karama pale anashtakiwa kwa kutaka kufundisha watu uanasheria na bado anafungua mdomo mbele ya mfalme. Huyu hata mdomo hafungui, anauliza sheria ya namba.

Halafu umekosea pakubwa kiuandishi. Kwenye hizi riwaya anayepewa nafasi ya mbele mara nyingi si mfungwa, ni mfanyakazi wa huo mfumo. D-503 ni mhandisi, anajenga chombo cha kupeleka hiyo "furaha" yao kwenye sayari nyingine, na anaipenda kazi yake. Winston kwenye "1984" ya Orwell, iliyotoka 1949, yuko wizarani anaandika upya magazeti ya zamani ili serikali isionekane imewahi kukosea. Montag kwenye "Fahrenheit 451" ya Bradbury ni zimamoto, kazi yake kuchoma vitabu. Wewe umejifanya mpangaji tu humo ndani, haiwezekani. Mtu anayejua 31 kapigwa faini kila siku ndiye mwenye daftari.

Kisu Butu
Zimamoto anachoma moto? Hiyo ndo chai sasa.

Bodaboda Kizota
Chai bila sukari. Nimeweka kambi hapa, kahawa ya nani?

Kumi na Saba
Sio chai. Hicho kitabu sijawahi hata kukiona. Daftari naandika mimi tangu mwezi wa nne na kopo nashika mimi, mtu lazima ashike, nisiposhika mimi anashika mwingine mbaya zaidi. Mimi angalau nikisikia mtu kateleza mara moja nafumba macho.

Binti Mpwapwa
Na 31?

Binti Mpwapwa
Nimekuuliza 31 ni nani kwako. Tangu mwanzo umemtaja bila kuulizwa.

Kumi na Saba
31 ni mdogo wangu. Tumbo moja. Mimi ndo nilimleta, nilimwambia mama kuna ajira mjini, mama akauza mbuzi watano Hombolo akatoa kiingilio. Dogo ni mbishi toka utotoni, hawezi kusema sisi, na yeye nikimfumbia macho wataona upendeleo ndio maana zake naandika zote. Sasa wanataka aondolewe, na ukiondolewa mzigo na hela havirudi, ila inabidi kiongozi wake asaini. Nikisaini naenda kufungua tawi Singida. Sio kwamba namtupa, nikishika tawi hela ya mama narudisha mara mbili.

Wakili wa Kitaa
Umeshasaini?

Kumi na Saba
Jumapili. Ndio maana nimeuliza ya namba, maana kama namba ni halali basi na hayo mengine yanaweza kuwa halali.

Mama Zabibu
Mbuzi watano! Mwanangu umemwambia mama yako? Hapana usinijibu mimi, mpigie yeye sasa hivi, simu si unayo.

Wakili wa Kitaa
Hiyo karatasi ipige picha kabla hawajaificha, na hilo daftari pia. Mnaweza kwenda polisi wote wawili, ila jua mwandiko ni wako.

Msomi Njaa
Ilianza riwaya sasa imekuwa tamthilia, ndugu wawili na mbuzi. Kama ni kweli fanya jambo dogo tu, mwite dogo kwa jina lake mbele ya watu halafu urudi utuambie.

Kumi na Saba
Nilimwita jana. Hatukuwa mbele ya watu, tulikuwa jikoni wawili tu, zamu yake anasonga ugali wa watu thelathini peke yake, jasho linamtoka, mwiko ule mkubwa kama kasia. Nikamwita jina la nyumbani, lile mama analomwitia. Hakugeuka. Nikarudia. Akasema "sisi tunasonga ugali."

Miezi mitatu nzima alikuwa anagoma kusema.

Bodaboda Kizota
Aisee.

Msomi Njaa
Bado nasema chai. Ila hilo kopo mpaka leo lina sh ngapi?

Kumi na Saba
41,500. Za 31 ni 19,000.

Binti Mpwapwa
Umezitenga.