Naomba ushauri: nizungumzeje na marafiki wa asili moja kuhusu asili yangu ya pande mbili?

Ndugu zangu, baba yangu ni Mzanzibari mwenye asili ya Oman na mama ni Mchagga wa Machame, ambako ndiko nilikolelewa. Marafiki zangu wote wa karibu ni Wachagga kwa baba na mama, nao hunihesabu kuwa mwenzao bila maswali, mpaka mazungumzo yanapofika kwenye soko la watumwa la Unguja, lililofungwa mwaka 1873, au kwenye Mapinduzi ya Januari 1964; hapo hunigeukia kana kwamba nimetumwa kuwajibia watu wa baba yangu.

Utumwa siutetei, wala sioni wa kuutetea. Hata hivyo, ukoo wa baba ulipoteza watu mwaka ule wa 1964, na baadhi ya waliosalia walihamia Muscat baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warejee. Nikilitaja hilo huambiwa ninaulilia usultani, na nikinyamaza najiona ninamkana bibi yangu mzaa baba. (Mashangazi wa Unguja nao huniita mtu wa bara, lakini huo ni utani tu.)

Naomba waliolelewa katika nyumba za namna hii wanishauri: je, nilianzishe mwenyewe na rafiki mmoja mmoja, au nisubiri niulizwe? Na nianze na historia au na habari za familia, ili rafiki asidhani kwamba ninamshtaki?