Milioni 24 kwa gia boksi inayovuja oili! Mawakala wa magari ya kifahari wametufanya shamba la bibi

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Nimekabidhiwa profoma, yaani karatasi ya makadirio ya bei, ya kubadilisha gia boksi nzima ya gari langu. Gia boksi 17,400,000. Ufundi 1,900,000. Oili 1,100,000. Kuiprogramu 650,000. Juu yake VAT ya asilimia 18. Jumla inapita milioni 24 na laki nane. Gari lenyewe nikilipeleka sokoni leo likiwa zima kabisa, nikipata milioni 22 nitashukuru. Na kilichonipeleka pale ni oili ya gia inayovuja kupitia kipande cha plastiki kinachoenea kiganjani.

Jina la wakala silitaji. Nembo ya gari nayo siitaji, maana hapa Dar nembo nyingi za kifahari zina mlango mmoja tu ulio rasmi, ukitaja nembo umeshamtaja mwenye duka. Na hapo ndipo jeuri yao inapoanzia. Wanajua huna pa kwenda kulinganisha bei. Akisema 24 ni 24, ukilalamika anakwambia "bosi, hiyo ndiyo bei ya kampuni".

Gari ni la mwaka 2007, niliagiza likiwa limetumika Uingereza, limeshavuka kilomita 160,000. Gia boksi yake ni ya ZF, aina ya 6HP26, gia sita. Si kitu cha siri wala cha ajabu. ZF ni kampuni ya Friedrichshafen, Ujerumani, na gia boksi hii ilianza kufungwa kwenye BMW 7 Series mwaka 2001, baadaye ikaingia kwenye Jaguar, Range Rover, Audi, hata Bentley. Imetembea barabarani zaidi ya miaka ishirini. Magonjwa yake yanafahamika, spea zake ndogondogo zinauzwa, na mafundi wa kila bara wameshaifungua mpaka wakaizoea. Wakala aliyevaa sare yenye nembo kifuani hawezi kuniambia kwamba haijui.

Dalili zilikuwa hizi. Asubuhi ukiweka D gari linasita kidogo kabla ya kuondoka. Ukipunguza mwendo kwenye foleni, linapotoka gia ya tatu kwenda ya pili linapiga kishindo. Siku ya joto kali, foleni ya Ubungo haisogei, likaingia kwenye hali ya kujilinda: likang'ang'ania gia moja na maandishi ya onyo yakatokea kwenye dashibodi. Nikalizima, nikaliwasha, likarudi sawa. Chini, pale ninapoegesha, doa la oili.

Nikalipeleka kwa wakala kwa sababu nilitaka kazi ifanywe kwa mashine sahihi na kwa utaratibu. Kupima peke yake nikalipa 354,000, pamoja na VAT. Nilipoitwa, kijana wa kaunta akanifungulia karatasi akasema, "Bosi, gia boksi imekwisha."

Nikamuuliza, imekwishaje?

"Kompyuta imesema."

Kompyuta imesema nini? Misimbo ipi ya hitilafu? Mmelipandisha juu mkaangalia uvujaji unatokea wapi? Mmepima kiasi cha oili kilichobaki? Mmefungua sampo, lile bakuli la oili chini ya gia boksi, mkaona kama kuna vyuma? Hana jibu hata moja. Nikaomba wanichapishie ile ripoti ya mashine, maana nimeilipia. Akaenda nyuma, akarudi: "Hizo ni taarifa za ndani, mzee, hatuzitoi."

Taarifa za ndani za gari langu! Nimelipa laki tatu na nusu ili kitu kipimwe, matokeo ya kipimo nisiyaone, nikabidhiwe bei tu. Nenda maabara yoyote ya hospitali ukapime damu, utatoka na karatasi yako mkononi. Hawa wanachukua hela ya kupima, halafu majibu ni mali yao.

Sasa niwaeleze kinachouma zaidi, na wenye gia boksi hii msome taratibu. Ndani ya 6HP, chini kabisa juu ya sampo, kuna kitengo cha valvu pamoja na kompyuta ndogo ya gia. Mafundi wanakiita mekatroniki. Kimelala ndani ya oili. Waya zake zinatoka nje ya gia boksi kupitia tundu, na kwenye tundu hilo kuna kijaruba cha plastiki chenye oringi mbili, pete za mpira za kuzuia oili isitoke. Miaka ikienda, joto linakausha zile oringi, oili inaanza kupenya pale kwenye soketi, inatiririka pembeni ya sampo. Oili ikipungua, presha ya kubana klachi inayumba, gari linasita na kupiga vishindo. Kuna sili nyingine pia, za mpira, zinazounganisha mekatroniki na mwili wa gia boksi. Nazo zikikakamaa presha inavuja hukohuko ndani, na dalili zinafanana. Vitu hivi ni vya mpira na plastiki. Vinauzwa kama vifurushi. Havina gharama ya kufikia hata sehemu ndogo ya ile profoma.

Baada ya kukataa kusaini nikalipeleka mtaa wa Gerezani, hapahapa Dar, kwa fundi mmoja wa gia boksi. Mashine yake ya kusomea misimbo ni Launch ya kawaida. Alisoma misimbo mbele yangu, akanionyesha kwenye kioo, kisha akaniambia nipige picha nibaki nayo. Akalipandisha gari, akafuta uchafu wote, akaliwasha, tukasubiri. Oili ikaanza kuonekana palepale kwenye soketi ya waya. Akaniita niingie chini nione kwa macho yangu. Gharama yake yote: kijaruba na oringi zake, sili za ndani, sampo mpya ya plastiki yenye filta yake (kwenye hii gia boksi filta imeungana na sampo, unabadilisha vyote pamoja), oili ya ZF yenyewe, na ufundi wake, 1,650,000. Alijaza oili injini ikiwa inawaka, akipima joto la oili kwenye mashine mpaka lilipofika kama nyuzi 40, ndipo akafunga tundu la kujazia, kwa sababu kiwango cha oili kwenye hii gia boksi hakipimwi ikiwa baridi. Kazi ya kitaalamu, imefanywa chini ya bati, na mtu ambaye hakuna aliyemtengenezea tangazo.

Gari sasa linabadilisha gia bila wewe kusikia. Milioni moja na laki sita na nusu, na kule nilitakiwa nilipe zaidi ya milioni 24. Kama hii si wizi wa mchana kweupe, mtu anieleze ni nini.

Kuna jambo jingine kuhusu oili. Tangu nilinunue, kila nikilipeleka kwa wakala huyuhuyu kwa sevisi, nilikuwa nauliza oili ya gia inabadilishwa lini. Jibu ni moja: "Hiyo haibadilishwi, ni ya maisha." Wakati ZF, aliyeitengeneza gia boksi yenyewe, anashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka minane. Maisha ya nani, basi? Kwa mwenye gari jipya anayelirudisha baada ya miaka mitatu, labda. Kwa sisi wa Dar, joto hili, foleni hizi, gari la mkono wa pili, "oili ya maisha" maana yake ni gia boksi kufa mapema na wakala kuuza nyingine. Mtu huyohuyo anayekukataza kubadilisha oili ndiye anayekuandikia profoma ya gia boksi mpya. Hili wala si suala la spea kuwa ghali. Ni ushauri mbaya unaomlipa anayeutoa.

Na si mara ya kwanza. Nyuma ya gari ilikuwa inalala usiku, asubuhi linainuka polepole. Suspensheni ya hewa, gari linabebwa na maputo badala ya springi. Wakabadilisha kompresa, yaani pampu ya hewa, milioni 4 na laki sita, bila kutafuta hewa inatokea wapi. Baada ya muda nyuma ikaanza kulala tena, kompresa mpya inanguruma muda wote. Fundi wa Gerezani alipaka povu la sabuni kwenye puto la hewa la kushoto na mapovu yakatoka kwenye mkunjo wa mpira. Puto limepasuka, kompresa inafanya kazi bila kupumzika kufidia hewa inayopotea, ndiyo maana ile ya kwanza iliungua. Povu la sabuni, wakuu. Karakana yenye vigae sakafuni na mashine ya kulisoma gari kutoka Ujerumani haikuwa na povu la sabuni. Niliomba ile kompresa ya zamani nirudishiwe, nikaambiwa imeshatupwa.

Halafu kuna suala la dola. Mdomoni bei zote ni dola. "Gia boksi ni dola kadhaa, ufundi dola kadhaa." Karatasini wanaandika shilingi, kwa kiwango cha kubadilishia walichojipangia wenyewe, kilicho juu kuliko cha benki siku ileile. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kupangwa kwa fedha za kigeni. Sijui kwa nini mtu anayefanya biashara Dar es Salaam, anayelipa wafanyakazi wake kwa shilingi, aniambie bei ya kufungua nati kwa dola.

Najua kuna watakaokuja hapa kuandika "si ungenunua Crown", "gari la wazungu mwachie mzungu". Naomba tusiende huko. Kununua gari zuri lililotumika hakumpi mtu ruhusa ya kunidanganya kuhusu hali ya gari hilo. Anayeibiwa kwenye IST ameibiwa, na anayeibiwa kwenye gari la ngozi na mbao ameibiwa vilevile. Hii dhana kwamba ukiwa na gari la kifahari basi una hela ya kuchezewa ndiyo inayowapa nguvu. Wengi wetu tuliyanunua magari haya kwa kujinyima, tena kwa bei ya Toyota ya miaka ya karibuni, na tunayatunza kuliko walioyanunua mapya.

Wala msiniambie kwamba kila mahali ndivyo ilivyo. Ulaya, kanuni za ushindani za mwaka 2002 zilianza kuwabana watengenezaji wasiwafungie milango mafundi wa nje ya mtandao wao, na sheria ya mwaka 2007 ikawalazimisha kutoa taarifa za matengenezo kwa gereji huru. Massachusetts, Marekani, walipitisha sheria ya haki ya kutengeneza gari mwaka 2012. Ndiyo maana mwenye gari kama langu kule anaweza kwenda gereji ya mtaani na fundi akafungua michoro ileile anayoitumia wakala. Hapa fundi wetu anategemea uzoefu, video na mashine ya kujinunulia, na bado anamshinda mwenye michoro yote.

Spea nazo msidanganyike na boksi. Lemförder, kampuni iliyo chini ya ZF, inatengeneza mikono ya suspensheni inayofungwa kiwandani kwenye magari mengi ya Kijerumani. Ukiinunua kwenye boksi la Lemförder mara nyingine utaona mahali nembo ya gari iliposagwa kwenye chuma. Chuma kilekile. Ukikinunua kwenye boksi la nembo, bei inapaa. Wakala akikwambia "hiyo ya nje ni feki", muulize nani kaitengeneza ile aliyoishika yeye. Feki zipo, Kariakoo zimejaa, sikatai. Lakini kulichanganya boksi la mtengenezaji halisi na feki ya kichochoroni ni kumtisha mteja makusudi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda FCC, yaani Tume ya Ushindani, na inakataza kumpotosha mlaji. Kumwambia mtu gia boksi yake imekwisha wakati inavuja kwenye oringi, kama huko si kumpotosha, basi sheria ile ni ya nani? Nimeshawaandikia barua wakala. Nataka ripoti ya kipimo nilichokilipia, nataka maelezo kwa maandishi ni kitu gani kilichowafanya waamue gia boksi nzima ibadilishwe, na nataka hela ya kompresa irudi kwa sababu tatizo halikuwa kompresa. Wakikaa kimya, faili lote linakwenda FCC pamoja na picha za misimbo, picha ya uvujaji na risiti zao za EFD, ile mashine ya kodi.

Nawaomba wenye kesi kama hii, wa Dar, Arusha, Mwanza, hata Nairobi na Mombasa, muweke profoma zenu hapa. Ficheni majina na namba za gari, acheni tarakimu: spea kiasi gani, ufundi kiasi gani, walisema nini kimeharibika, na baadaye fundi mwingine aligundua nini. Na mwenye 6HP anayesikia kishindo cha tatu kwenda pili, kabla hujasaini chochote, lipandishe gari juu uangalie pale kwenye soketi ya waya kama pana oili.