Mlinikata tumbo mkala hela, kovu mmeniachia mwenyewe!! Kliniki za kuondoa nyama uzembe mje hapa

Wakuu habari za humu. Leo sina salamu ndefu, nina hasira toka asubuhi na chai imepoa mezani siitaki tena. Niko Arusha, Sakina, mama wa watoto watatu, wawili wa mwisho walitoka kwa kisu. Sasa wale waungwana walionikata tumbo kuondoa nyama uzembe mwaka jana (kliniki siitaji, mods msije mkanifungia uzi) leo wameposti picha ya mteja wao mwingine, wiki ya tatu tu toka afanyiwe, kovu jembamba kama uzi wa cherehani, wameandika "oneni kovu linavyopotea". Chini watu wamejaa wanauliza bei. Mi nikauliza swali moja la kistaarabu kabisa, mna picha yake ya mwezi wa nne toka akatwe? Wakafuta. Nikauliza tena, wakaniblock.

Yaan aisee. Wiki ya tatu kila kovu ni zuri! Hata langu lilikuwa zuri, nilimpigia video call mdogo wangu nikamuonyesha tukapiga vigelegele kama wajinga. Hakuna aliyeniambia kwamba wiki ya tatu mwili ndo kwanza unaanza kushona kwa ndani, kwamba kuanzia wiki ya sita ya nane hivi ndo kovu linapanda, linakuwa zambarau, linakuwa gumu na linawasha usiku mpaka unatamani kujikuna na kitana, na kwa watu wengi baadae linashuka taratibu lenyewe mpaka litulie ni mwaka au mwaka na nusu. Hiyo ningeambiwa mapema nisingelia mwezi wa tatu chooni nimefungulia bomba ili watoto wasisikie.

Na mimi langu halikushuka. Kati hapa chini ya kitovu limenyanyuka ila limekaa kwenye mstari wake. Upande wa kushoto kwenye nyonga limetoka nje ya mstari kabisa, limevimba, linang'aa, nene kama kamba ya katani na chupi ikikaa juu yake jioni nachechemea. Hilo ndo keloidi.

Sasa hapa ndo pananiuma. Mimi nina keloidi kwenye sikio la kulia toka darasa la sita, nilitobolewa na shangazi kwa sindano ya kushonea ikaota kidude kama punje ya mahindi, na bega langu la chanjo nalo limevimba. Lile kovu la kisu cha mtoto wa pili pembeni lilikuwa limenyanyuka linaonekana kwa macho. Siku ya opresheni dokta kanisimamisha, kachukua maka peni kachora mstari nyonga mpaka nyonga, mstari umepita JUU ya lile kovu lililovimba, kidole chake kimeligusa! Hakuuliza kitu. Swali lilikuwa "umemalizia malipo?" Nimemalizia ndio, hela ya kikoba miaka miwili na kiwanja cha Ngaramtoni nilichouza kwa hasara, maana bima hailipi mambo ya urembo hilo nalijua sijaja kulalamika hapo.

Ngozi nyeusi keloidi inatupenda, hilo hata mtoto wa mtaani anajua. Sasa wewe umesomea kukata watu weusi hapahapa Tanzania unashindwaje kumuangalia mtu masikio?

Nilivyotoka nilipewa karatasi nusu, imeandikwa kwa mkono: vaa mkanda wa tumbo, epuka maji, rudi baada ya siku 7. Basi. Mkanda nikavaa wiki sita, kuanzia mwezi wa sita na baridi la Arusha mnalijua, hilo sina shida. Lakini hakuna aliyeniambia nitembee nimeinama siku za mwanzo na nilale nimekunja magoti kwa mito ili mshono usivutwe. Mi nikawa najikaza nanyooka kama askari, najua ndo kupona. Na mama mkwe alishatia timu kutoka Marangu na ndoo ya mtori, maana ukweni nilisema naenda kutolewa ngiri (msinihukumu), anataka kunifunga tumbo na khanga kama mzazi. Ananiangalia ananiambia, "Mwanangu, ngiri gani hii inakatwa nyonga mpaka nyonga?" Nikanyamaza. Bibi wa watu akanyamaza na yeye, ila mtori ukaendelea kuletwa.

Siku ya 12 mshono ukaachia katikati, kama sentimita mbili, panatoa majimaji. Nikapiga picha nikawatumia wasap. Tiki za bluu. Kesho yake nikatuma tena. Tiki za bluu. Siku ya tatu kanijibu dada wa mapokezi, sio nesi, WA MAPOKEZI, "paka spiriti dear". Nikapaka spiriti na ile dawa ya povu (haidrojeni peroksaidi) asubuhi na jioni, nauma meno kwenye khanga, na kidonda kikakaa wiki tano. Baadae ndo najua hizo zinaunguza hata nyama changa inayojaribu kuota, kidonda kama kile kinasafishwa kwa maji safi na sabuni laini au yale maji ya chumvi ya drip, kinafunikwa kwa gozi (kitambaa cha kufungia kidonda) kisikauke kikawa gamba, na kidonda kikichelewa kufunga ndo kovu linazidi kuwa baya. Na kile kidonda ilibidi kionwe na mtu kwa macho siku ileile, sio wasap.

Afu likaja lile la mafuta. Dada mmoja wa saluni pale Kilombero kaniuzia kikopo hakina hata lebo, "linafuta kovu siku 21". Ngozi ya pembeni ikawa nyeupe na nyembamba kama karatasi ya kufungia maandazi, kovu lenyewe lipo palepale linanicheka. Hapo nakubali ujinga ni wangu, lakini mtu ukiachwa peke yako na tiki za bluu utapaka mpaka oili ya gari.

Mwezi wa saba toka nikatwe, wifi yangu ambaye ni nesi ndo akanishika mkono tukapanda Coasta mpaka Moshi, hospitali ya KCMC idara ya ngozi, pale kwenye kile chuo cha madaktari wa ngozi wanachokuja kusoma hadi watu wa nchi nyingine. Dokta ni mama wa makamo, mpole, hata tumbo hajaliangalia bado, kaniuliza, "Mama, hili sikio lilianza lini?"

"Toka darasa la sita dokta."

"Na aliyekukata aliliona?"

"Tulikuwa tunaangaliana uso kwa uso dokta."

Akashusha miwani. Hakusema kitu ila niliona.

Dakika mbili wakuu. Dakika mbili tu za kuangalia sikio. Akaniambia kama ingejulikana mwanzo, kwanza ningeambiwa ukweli nikachague mwenyewe nikatwe au nibaki na tumbo langu, na kama ningekatwa basi kidonda kikishafunga tu nianze kubandika zile plasta za silikoni, masaa 12 au zaidi kila siku, miezi miwili mitatu au zaidi, nikande kovu kwa vidole taratibu, nilikinge na jua, na likianza tu kunyanyuka nikachomwe sindano mapema kabla halijakomaa. Sasa hivi nachomwa sindano ndani ya kovu lenyewe kila baada ya wiki nne. Msiulize inaumaje. Kovu ni gumu dawa haitaki kuingia, nesi anasukuma mpaka mkono unatetemeka, na mimi namkamua wifi vidole. Nimeambiwa panaweza kubaki baka jeupe na ngozi kubonyea. Ila sindano mbili tu muwasho umepungua na nalala ubavu wa kushoto, kitu sijafanya toka mwaka jana.

Na sijamaliza. Kabla hawajaniblock wale waungwana walinipa "ofa". Eti nirudi walikate tena hilo kovu nusu bei! Nilivyomwambia yule mama wa KCMC aliweka kalamu chini. Keloidi ukiikata peke yake bila kuipa matibabu mengine inarudi mara nyingi tu, na inaweza kurudi kubwa kuliko ya kwanza. Yaan walitaka kuniuzia keloidi ya pili kwa punguzo.

Sisemi watu wasikatwe. Tumbo limeisha kweli, magauni yangu ya zamani yanaingia, na misuli ya tumbo iliyokuwa imeachana toka mimba ya tatu ilishonwa mgongo hauumi tena. Nikisema sijafurahia hata kidogo nitakuwa muongo. Ninachotaka wanijibu wao, najua wanasoma humu maana mmoja alishawahi kuja kutangaza biashara kwenye uzi wa mtu: ile fomu mliyonisainisha kurasa nne, neno keloidi liko ukurasa wa ngapi? Nimeitafuta jana usiku na tochi ya simu, haipo.

Haya kwa wadau wengine, mwenye kujua plasta za silikoni zinapatikana duka gani la dawa hapa Arusha au Moshi, za kuoshwa na kutumika tena, aweke hapa na bei. Nilizoagiza Dar zinabanduka nikitoka jasho na sindano ya tatu ni Jumanne. Inbox sifungui, wauza mafuta wameshaanza.