Meza ya kuinulia pikipiki katika gereji ya nyumbani: ninunue ipi kwa bajeti ndogo?

Muulizaji wa Mikindani

Assalaam alaykum, ndugu zangu na dada zangu.

Ninakaa Mikindani, Mombasa, katika nyumba ya kupanga iliyo na banda la gari, na banda hilo ndilo nimelifanya gereji yangu. Nina pikipiki mbili. Moja ni Bajaj Boxer 150 ambayo mdogo wangu anaifanyia kazi ya bodaboda, na nyingine ni Royal Enfield Himalayan 411 ninayoitumia mwenyewe kwenda kazini na, nikipata nafasi, kupanda nayo Taita. Kazi za kawaida tunazifanya wenyewe: kumwaga oili, kusafisha na kukaza cheni, kubadilisha brekipedi na matairi, na mwezi ujao nataka kubadilisha sili za foki (miguu ya mbele inayoshika gurudumu) za Himalayan ambazo zimeanza kuvuja. Yote haya tunayafanya tukiwa tumechutama sakafuni, na kwa vile nina tatizo la pingili za kiuno, daktari amenikataza kuinama kwa muda mrefu.

Nimetenga shilingi 60,000, nami ninaweza kufika 80,000 iwapo nitaelezwa sababu ya kuongeza. Nimeonyeshwa meza za aina tatu: inayopandishwa kwa pampu ya mguu, inayotumia upepo wa kompresa, na yenye mota ya umeme. Kila muuzaji anaanza kwa kunitajia kilo ambazo meza inabeba, kana kwamba hakuna jingine la kuuliza. Zaidi ya hayo kuna fundi wa vyuma wa jirani anayesema anaweza kuniundia meza nzima kwa bei nafuu zaidi.

Banda lina urefu wa mita 5.5 na upana wa mita 2.8. Sakafu ni ya zege la zamani, nayo imeinama kidogo kuelekea mlangoni ili maji yatoke. Mwenye nyumba hataki sakafu itobolewe. Naomba wenye uzoefu wanieleze nitazame nini kwanza, na ni wapi ninaweza kubana matumizi bila kuhatarisha pikipiki au mtu.

Fundi wa Magongo

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Swali lako ni la maana, na tuanze na hizo kilo unazotajiwa. Himalayan yako ina takriban kilo 200 ikiwa na mafuta, na Boxer ina takriban kilo 120. Kwa hesabu ya karatasini, meza ya kilo 300 inakutosha. Hata hivyo mimi ningechukua ya kilo 450, kwa sababu meza hiyo aghalabu huundwa kwa chuma kinene zaidi na kitako kipana zaidi, na upana wa kitako ndio unaozuia meza kupinduka. Kilo zilizoandikwa ubavuni huwa zinahesabiwa mzigo ukiwa katikati na umetulia. Ukishatoa gurudumu la nyuma, au ukivuta nati ngumu kwa spana ndefu, mzigo haupo tena katikati wala haujatulia.

Ukienda kuijaribu, usikubali kuonyeshwa meza tupu ikipanda. Miguu ya mkasi, yaani ile inayopishana chini ya meza, ikiwa imelala chini kabisa, silinda ya mafuta inayoiinua inasukuma karibu sambamba na sakafu, na sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo ndiyo inayoelekea juu. Kwa hiyo kazi kubwa kuliko zote iko katika sentimita chache za mwanzo, na hapo ndipo meza dhaifu hujulikana: hulia, hujipinda upande mmoja, au pampu hushindwa. Ijaribu ikiwa na pikipiki yako juu, anza kutoka chini kabisa, na uinamishe macho utazame kama pande zote mbili zinapanda pamoja.

Jambo ambalo singelifanyia mzaha hata kwa shilingi moja ni kizuizi cha chuma. Haidroliki, yaani pampu na silinda ya mafuta, ni ya kupandishia na kushushia tu. Sili ikichoka au mpira ukipasuka, mafuta hutoka na meza hushuka, na wakati huo mikono yako huenda iko chini ya injini. Meza inayofaa ina fimbo nene au meno ya chuma yanayoshika fremu ya chini, na baada ya kushika unalegeza pampu kidogo ili uzito wote ukalie chuma. Nimeziona meza ambazo kizuizi chake ni pini nyembamba ya kupenyeza kwa mkono katika tundu moja, kwa kimo kimoja tu. Hizo ziache dukani. Unahitaji angalau vimo vitatu, maana kazi ya cheni haifanywi kwa kimo cha kazi ya foki. Kama muuzaji ataruhusu, ipandishe na mzigo bila kizuizi, pima kimo chake kwa utepe, kisha upime tena baada ya saa moja. Ikiwa imeshuka, sili zake zimeanza kuchoka hata kama rangi inang'aa.

Kuhusu nguvu ya kuipandisha, chukua pampu ya mguu. Meza ya upepo huhitaji kompresa yenye shinikizo la bar 6 hadi 8, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Usipoweka chujio la maji, maji hayo huingia katika vali na kuzila. Ya umeme ni nzuri kwa gereji inayopandisha pikipiki kutwa nzima, lakini kwa mtu wa pikipiki mbili ni pesa iliyolala. Isitoshe, baadhi ya zinazoletwa zikiwa zimetumika zilitengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 110 hadi 120, nasi tunatumia volti 240. Ukiichomeka bila kusoma kibandiko cha mota, umeiunguza.

Tazama pia kibanio cha gurudumu la mbele. Tairi la mbele la Boxer lina upana wa takriban sentimita 7 juu ya ringi ya inchi 17, na la Himalayan lina sentimita 9 juu ya ringi ya inchi 21. Kibanio kifupi kinachoshika vizuri la kwanza kitalishika la pili chini mno, na pikipiki itayumba. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma nao unatofautiana: Boxer ni karibu mita 1.3, Himalayan ni karibu mita 1.47. Meza nyingi zina kipande cha nyuma kinachotolewa ili gurudumu lishukie hapo, kwa hiyo kibanio lazima kiweze kusogezwa mbele na nyuma. Kikiwa kimechomelewa mahali pamoja, kipande hicho kitafaa pikipiki moja tu.

Dereva wa Kisauni

Ndugu Muulizaji, kabla hujatoa pesa, hebu fikiria kama meza ni ya lazima. Pikipiki zako zote mbili zina stendi ya katikati, na stendi hiyo peke yake inatosha kwa cheni, oili na gurudumu la nyuma. Kwa foki, ongeza jeki ndogo ya mkasi chini ya fremu ya mbele, ukihakikisha inashika fremu na si bomba la moshi wala kifuniko cha oili. Jeki hiyo ni sehemu ndogo tu ya bajeti yako.

Njia nyingine ni meza isiyopanda wala kushuka: kitanda cha chuma chenye kimo cha sentimita 50, na ubao wa kupandia wenye urefu wa mita 2.5. Haina silinda, haina sili, haina cha kuvuja. Kuisukuma Himalayan kwenye mwinuko huo ni kama kuinua kilo 40, na watu wawili wanaiweza kwa raha. Ubao ukitokeza nje ya mlango wakati wa kupandisha si neno, kwani baadaye unauondoa.

Muulizaji wa Mikindani

Nawashukuru sana. Ndugu wa Kisauni, stendi na jeki ndivyo ninavyotumia sasa, na ndivyo vinavyoniinamisha. Ninachotafuta ni kazi inifuate kifuani. Meza ya sentimita 50 ingenisaidia nikiwa nimeketi kwenye kigoda, lakini mara nyingi niko peke yangu, kwa kuwa mdogo wangu hurudi usiku. Sidhani ni salama mtu mmoja kusukuma kilo 200 kwenye ubao.

Bado sijajibiwa kuhusu fundi wa vyuma. Na kuna jambo la kutu: hapa kwetu hata bawaba za mlango haziishi miaka mingi. Meza hizi za bei nafuu zinadumu?

Mama Vyuma, Likoni

Kaka yangu, mimi kazi yangu ni kuagiza na kusimamia vitu vya vyuma vya maduka na mageti, basi nikujibu hilo la fundi.

Usimpe fundi kazi ya kuunda mkasi. Simdharau, kwani mafundi wetu wanachomelea kazi ambazo hata kiwandani wangeshangaa, lakini mkasi ni kazi ya vipimo. Miguu ya jozi mbili lazima ilingane urefu kabisa, na matundu ya pini lazima yatobolewe kwa mashine ya kusimama, yawe yananyooka upande hadi upande. Tundu likipindishwa kidogo tu, meza itapanda ikijinyonga, na pini itakula tundu lake mpaka liwe yai. Hapo hakuna kuchomelea kutakakoiponya. Nunua mkasi, silinda na kizuizi vikiwa vimetoka kiwandani pamoja.

Fundi mpe vile vinavyokaa juu na pembeni, maana hapo ndipo unapookoa pesa. Meza za bei nafuu mara nyingi ni nyembamba, hazina mahali pa kuweka mguu unapotaka kuishusha pikipiki. Akuundie mbawa mbili za kufunga kwa boliti. Akuundie ubao mrefu zaidi wa kupandia, kwa sababu ule unaokuja na meza huwa mfupi na wenye mwinuko mkali. Akuwekee kibanio kinachosogea kwenye reli, kama alivyosema mzee wa Magongo. Na kwa sakafu inayoinama, akukatie vipande vya bati nene vya kuweka chini ya miguu miwili ya upande wa mlangoni, uilinganishe meza kwa pimamaji. Hakuna haja ya kutoboa zege la watu.

Kuhusu kutu, rangi ya kiwandani usiitegemee. Siku ya kwanza, kabla ya kuitumia, ichunguze kwenye maungio ya kuchomelea na ndani ya mabomba ya mraba, maana ndani humo aghalabu hakuna rangi kabisa. Piga brashi ya waya, paka redi oksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), kisha rangi ya mafuta juu yake. Mabomba yaliyozibwa ncha zote mbili yasiachwe na maji ndani. Tundu dogo upande wa chini linatosha kuyatoa. Pini na bushi zitie grisi mara kwa mara, kwa sababu grisi ndiyo inayozuia chumvi isifike kwenye chuma.

Fimbo ya silinda ndiyo ya kulinda kuliko vyote. Imepakwa kromu, na kromu ikishatoboka vidoa vidogo, kila ikiingia na kutoka inachana sili. Basi ukimaliza kazi usiiache meza imesimama juu, hata kama ni nzuri kuiweka pikipiki hapo kama maonyesho. Ishushe chini kabisa ili fimbo ijifiche ndani ya mafuta. Ukinunua iliyotumika, pitisha ukucha juu ya fimbo kwa urefu wake wote. Ukucha ukikwama, usinunue. Na mafuta yakipungua ongeza mafuta ya haidroliki pekee. Kuna watu hutia mafuta ya breki kwa sababu yako karibu, nayo huvimbisha na kuharibu sili za jeki ambazo zimetengenezwa kwa mafuta ya madini.

Usivutwe na bei ya mtandaoni ya nchi za nje. Meza ya kilo 450 yenyewe huweza kuwa na uzito wa kilo 90 na zaidi, na ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya bei pamoja na bima na usafirishaji, kisha huja VAT ya asilimia 16 na tozo nyingine. Nunua kwa mtu aliyeileta ndani ya kontena pamoja na mizigo mingine, hata kama bei yake inaonekana ya juu.

Muulizaji wa Mikindani

Dada yangu, umenifungua macho. Basi nitanunua ya pampu ya mguu ya kilo 450, na zile 20,000 za ziada ziende kwenye mbawa, ubao, reli ya kibanio na rangi. Mzee wangu wa Magongo, nina swali moja la mwisho: meza ikiwa ya sentimita 75 juu, nafasi yangu inatosha? Na pikipiki niifunge vipi nikiwa peke yangu?

Fundi wa Magongo

Inatosha. Meza ya aina hiyo ina urefu wa takriban mita 2.2. Iweke ikitazama ukuta wa ndani, lakini uliza kwanza kama ni ya mkasi au ya miguu inayolala upande mmoja, kwa sababu hiyo ya pili husogea mbele inapopanda na inaweza kugonga ukuta. Nyuma yake acha nafasi ya pikipiki kuingia ikiwa imenyooka, maana kuikatisha kona juu ya ubao ndiko kunakoangusha watu.

Ukiwa peke yako, ipandishe pikipiki wakati meza iko chini kabisa, injini imezimwa, nawe ukitembea ubavuni huku vidole vikiwa kwenye breki ya mbele. Kaza kibanio kabla hujaachia mkono. Kisha funga belti mbili za kukazia mizigo kutoka chini ya usukani, karibu na foki, kila moja ikivuta mbele na nje kidogo, mpaka shokabsoba za mbele zibonyee kiasi. Usizibonyeze hadi mwisho. Belti nyingine mbili zishike fremu ya nyuma. Kama utatumia stendi ya katikati, isimamishe meza ikiwa bado chini, na kabla ya kufunga belti. Kwa kazi yako ya sili za foki, belti za usukani hazitafaa kwa sababu foki zenyewe zitatoka: hapo pikipiki ikae kwenye stendi ya katikati, jeki ishike fremu mbele, na belti zote nne zishuke kutoka kwenye fremu.