Hospitali ya Kigoma: laini ya pili ya intaneti au seva ya ndani?

Mtoa mada: Wadau, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ukiwa kwenye seva (kompyuta kuu) iliyoko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kigoma, hospitali inunue laini ya pili au iweke seva yake? Mimi naona laini ya pili. Seva ya ndani itagawa namba zake yenyewe, tuishie na wagonjwa wawili wenye namba moja.

Mzee wa Mtaro: Mkuu, kampuni ya pili si njia ya pili. Makampuni hukodishana mkongo, yaani nyaya za intaneti zilizofukiwa mtaroni. Greda likikata mtaro mmoja, zote chali. Traceroute, amri ya kuonyesha vituo ambavyo data inapitia, haikuonyeshi mtaro. Dai ramani ya njia, iwe kwenye mkataba. Na kama kuna kipande cha mfumo kinachoegemea ng'ambo, kumbuka Mei 2024: nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kwa pamoja.

Binti Ujiji: Shikamoo mzee wangu. Hata njia zikitofautiana, ruta (kifaa kinachochagua laini ya kutumia) hudanganyika. Wengi huiambia ipime lango la kampuni tu, yaani kituo chake cha kwanza. Mnara unajibu, huko mbele kumekatika, ruta inaona shwari na haihami. Ipime anwani mbili za nje kila sekunde 10, kipimo cha kila laini kipite laini hiyo tu. Zote zikikosa jibu mara 3 mfululizo, ihame. Kurudi isubiri dakika 5 za utulivu, la sivyo itarukaruka na kumkata muuguzi akiwa katikati ya kuandika dozi.

Mtoa mada: Laini ya pili ikiwa VSAT, ile ya dishi la setilaiti, je?

Mzee wa Mtaro: Marahaba binti. Mkuu, setilaiti hiyo iko kilomita 35,786 juu. Swali na jibu ni karibu nusu sekunde. Ukurasa unaotuma maombi 40, moja baada ya jingine, ni sekunde 20. Foleni ya dirishani utaiona.

Binti Ujiji: Ndiyo maana nasema seva ya ndani. Namba ya mgonjwa ianze na msimbo wa kituo, hazitagongana. Umeme ukikatika, betri ya asidi ya volti 12, Ah 100, ina Wh 1,200 (volti mara Ah); tumia nusu tu. Seva ndogo, ruta na swichi zikila wati 80, utapata saa 6 hivi, inveta ikishachukua chake.

Mzee wa Mtaro: Na nani atailinda isidukuliwe? Mwaka 2018 ruta nyingi za MikroTik zilitekwa kupitia Winbox, programu ya kuziendesha, mlango wake wa mtandao namba 8291 ukiwa wazi kwa dunia nzima, wakati kiraka cha kuziba tundu hilo kilishatoka. Bila fundi wa kudumu, seva hiyo siikubali.

Binti Ujiji: Hata laini mbili zina ruta ya kulindwa, mzee.