Naombeni ushauri: Porsche 718 Cayman S imenivutia kwa sura, lakini mlio wa 981 haunitoki masikioni

Kona Kali (mwanzisha uzi)
Habari zenu wakuu. Nimezifuatilia Porsche za injini ya katikati kwa muda mrefu na sasa nataka kununua. Zimebaki mbili. Ya kwanza ni Cayman S ya kizazi cha 981: silinda sita, lita 3.4, haina turbo. Ya pili ni mrithi wake, 718 Cayman S iliyokuja 2016: silinda nne, lita 2.5, ina turbo. Zote ni boksa (silinda zimelala pande mbili zikitazamana), zote gia za mkono, zote zimetunzwa.

Kwa sura, 718 imenimaliza kabisa. Ule ukanda mweusi wenye jina la Porsche katikati ya taa za nyuma unalifanya gari lionekane pana na limelala chini. Bampa la mbele lina matundu makubwa zaidi ya hewa, na taa zina zile nukta nne. Ukiiweka 981 pembeni, ni nzuri, ila inaonekana mpole.

Tatizo ni mlio. Nimeziendesha zote. 718 ukiiwasha ikiwa baridi inanguruma kwa ukavu fulani hivi, na mwendo wa kawaida inavuma kwa sauti ileile. 981 ukiivuta kupita mizunguko 5,000 kwa dakika inabadilika kabisa, sauti inapanda na kulia mpaka vinyweleo vinasimama. Lakini 718 ina nguvu za farasi 350 dhidi ya 325, na barabarani inachomoka mapema. Je, masikio yatazoea? Walio na uzoefu nisaidieni.

Fundi Spana
Mkuu, masikio yako hayajakudanganya. Boksa ya silinda sita inawaka mara tatu katika kila mzunguko wa krenki (shafti kuu ya injini), ya nne inawaka mara mbili. Zikiwa kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, ya sita inatoa milipuko 350 kwa sekunde na ya nne kama 233. Ndiyo maana moja inalia juu na laini, nyingine inatoka nzito yenye mikwaruzo. Halafu weka turbo hapo: moshi unapita kwanza kwenye feni ya turbo inayozungushwa nao, unapoteza nguvu yake kabla haujafika kwenye ekzosi. Sehemu kubwa ya kile unachokipenda kwenye 981 inabaki humo ndani.

Usisahau upande wa kuvuta hewa pia. Kwenye Cayman injini iko nyuma ya kiti chako, na hewa inaingia kwa matundu ya ubavuni. Ule mlio wa 981 ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, nusu yake unatoka hapo, si kwenye ekzosi.

Mama Boksa
Nami nina 718 S, acha niitetee maana humu inasemwa vibaya na watu ambao hawajaishi nayo. Torki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, ni 420 Nm kuanzia mizunguko 1,900. Ya 981 ni 370, na unaipata ukifika 4,750. Kwenye barabara ya kawaida, yenye magari mengine na kona usizoziona mwisho wake, hiyo tofauti ni kubwa mno. Natoka kwenye kona nikiwa gia ya tatu na gari linanisukuma bila kuhangaika. Mwenye 981 inabidi ashuke gia, na gia za Cayman ni ndefu: ya pili ukiivuta mpaka juu, kwenye barabara nyingi umeshavunja sheria.

Kuhusu mlio, wanaoufananisha na Subaru wanataka iwe tusi. Mimi naupenda. Una tabia yake, hasa ukiachia mafuta. Kaka Kona Kali, usinunue gari kwa masikio ya watu wengine.

Mzee wa 993
Vijana, kelele hizi nimezisikia zamani. 911 ya kizazi cha 996 ilipotoka 1997 na injini ya kupozwa kwa maji badala ya hewa, watu walisema Porsche imekufa. Taa zake zikaitwa mayai ya kukaanga. Kizazi kilichofuata, 997 cha 2004, wakarudisha taa za duara, kuonyesha kwamba kampuni ilisikia. Lakini yale maji hayakuondoka, na leo hakuna anayelilia hewa isipokuwa sisi wachache tunaoendesha za zamani. Leo vijana wanaitafuta hiyohiyo 996 na kuisifia sura. Ipe muda, mkuu, silinda nne nayo itapata watu wake.

Sita Bapa
Mzee wangu, heshima kwako, lakini hapo napingana nawe. Kwenye 996 walibadilisha namna ya kupoza, silinda zikabaki sita. Na sura si sawa na sauti. Taa mbaya unaziona ukiwa nje, ukiegesha au ukiliosha gari. Ukishakaa kwenye usukani huzioni tena. Kona Kali, huo ukanda mweusi unaokuvutia wataufurahia walio nyuma yako barabarani. Mlio utakuwa nao wewe kila unapowasha, safari nzima, miaka yote utakayokuwa nalo.

Porsche wenyewe walirudi. 2019 wakatoa 718 GT4 yenye boksa ya silinda sita, lita 4.0, haina turbo, farasi 420. Mwaka uliofuata 718 GTS nayo ikapewa lita 4.0 ya farasi 400, wakati GTS iliyotangulia ilikuwa na ileile 2.5 ya turbo. Kampuni haiondoi turbo inayofanya kazi vizuri na kuweka injini kubwa kama hakuna wateja walioiomba. Angalia pia Mercedes-AMG C63 ya 2022: walitoa V8 (silinda nane) ya lita 4.0 wakaweka ya lita 2.0 na mota ya umeme. Farasi 680! Kwenye karatasi inaua kila kitu. Wapenzi wake wakauliza swali moja tu, V8 iko wapi.

Kona Kali
Asanteni sana. Mama Boksa, hoja ya torki nimeielewa, niliihisi mwenyewe. Sita Bapa, hilo la ukanda kuonekana na walio nyuma sikuwahi kulifikiria. Swali kwa Fundi: nikichukua 718 nikaiwekea ekzosi nyingine, si nitaipandisha sauti?

Fundi Spana
Utaipandisha, lakini itakuwa ileile kwa ukubwa zaidi. Ekzosi haiongezi silinda, na kama ule ukavu unakukera sasa, utakukera zaidi. Tena angalia sheria za unakoishi, Ulaya kwa mfano wamekuwa wakibana kelele za magari mapya kwa awamu tangu 2016, na gari lenye kichujio cha chembe kwenye ekzosi ukilichokonoa unaweza kufeli ukaguzi.

Ushauri wangu: kama utalitumia kila siku kwenda kazini, 718, bila kusita. Kama ni gari la kutoka nalo asubuhi ya mapumziko kwa ajili ya kuendesha tu, 981.

Mama Boksa
Hapo nakubaliana na Fundi. Mimi langu ni la kila siku.

Kona Kali
Langu ni la mapumziko tu wakuu, gari la kazini ninalo. Basi nimeamua, 981. Kabla sijalipa nikague nini? Nimesoma habari za beringi ya shafti ya kati, ile ikivunjika inaweza kuua injini, zikanitisha.

Fundi Spana
Hiyo beringi ni ya injini za zamani. Kuanzia maboresho ya 2009 Cayman ilipata injini mpya isiyo na shafti hiyo kabisa, kwa hiyo kwenye 981 tatizo hilo halipo. Wewe angalia pampu ya maji na dalili za maji kuvuja. Chungulia rejeta kwenye matundu ya bampa la mbele, huwa zinajaa majani na uchafu mpaka zinaoza.

Kubwa zaidi, kwa kuwa ni gia za mkono, mwambie muuzaji akupe ripoti ya kompyuta ya injini inayoonyesha ni mara ngapi ilizungushwa kupita kikomo. Ina ngazi sita. Za chini zisikusumbue, ni mtu aliyefurahia gari lake. Ukikuta kitu ngazi ya nne, ya tano au ya sita, hapo kuna aliyekosea gia akiwa kasi, akaingiza ya pili alipotaka ya nne. Tazama saa za injini zilizoandikwa pembeni: kama ni zamani na limetembea sana tangu hapo bila shida, mnaweza kuongea. Kama ni juzi, achana nalo.

Kona Kali
Nimeshamwandikia muuzaji. Akinitumia ripoti nitaiweka hapa muisome.