Madesa ya historia yanayoyatia makoloni yote ya Waingereza kapu moja yanatuharibia watoto

Wakuu, nimekereka sana.

Mdogo wangu yuko kidato cha tano, anasoma HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza. Kwenye zoezi aliandika kwamba Georgia, moja ya makoloni 13 ya Waingereza yaliyokuja kuwa Marekani, miaka yake ya mwanzo ilikataza utumwa. Kakatwa maksi. Pembeni kaandikiwa kwa wino mwekundu: makoloni yote 13 yalianzishwa na Waingereza waliokimbia mateso ya dini, na yote yaliishi kwa mashamba makubwa ya watumwa. Nikaomba nilione desa lao. Sentensi ni hiyohiyo, neno kwa neno!

Aliyeandika desa hilo amewahi kufungua kitabu kweli?

Jamestown, Virginia, 1607: ni kampuni ya wenye hisa wa London iliyopeleka watu, wanaume na wavulana watupu, na walichokitaka ni dhahabu. Njaa ya 1609 hadi 1610 ikawafyeka wengi wao. Kilichowaokoa ni tumbaku. Tumbaku inataka ardhi na mikono, wakaanza na Waingereza maskini waliojifunga kwa mkataba wa miaka kadhaa ili walipiwe nauli ya meli. Waafrika wa kwanza, waliotekwa Angola, walishushwa 1619. Mwaka 1662 Virginia ikatunga sheria kwamba mtoto anafuata hali ya mama: mama mtumwa, mtoto mtumwa, hata kama baba ni huyohuyo bwana mwenye shamba. Mateso ya dini yako wapi hapo?

Watu wa dini walikuwa kaskazini, Plymouth 1620 na Massachusetts 1630. Wengi walikuja na familia, wakakuta mawe na baridi kali, wakaishi kwa mashamba madogo, uvuvi na kuunda meli. Mwaka 1647 Massachusetts iliagiza kila mji wenye kaya 50 uweke mwalimu wa kusoma na kuandika. Lakini hata hao tusiwasafishe. Uhuru walioutaka ulikuwa wa dini yao peke yao: Roger Williams walimfukuza, akaenda kuanzisha Rhode Island 1636, na Mary Dyer walimnyonga Boston 1660 kwa kuwa Quaker, dhehebu la Kikristo walilolipiga marufuku. Sheria yao ya 1641 iliruhusu utumwa, na bandari zao zilitajirika kwa kuuza samaki na mbao kwenye visiwa vya sukari vya Karibiani. Mikono yao haikuwa safi, ila mashamba makubwa ya watumwa kama ya kusini hawakuwa nayo.

Pennsylvania ya William Penn, 1681, ni habari nyingine kabisa: Quaker, Wajerumani, ngano. Huko Germantown waliandika tamko la kupinga utumwa 1688. Desa halina hata mstari mmoja juu yao.

Kinachoniuma zaidi ni Carolina. Walowezi wake wengi wa mwanzo, kuanzia 1670, walitoka Barbados, kisiwa cha Karibiani, wakaja na utumwa wao tayari kutoka kwenye mashamba ya miwa. Wakalima mpunga, kazi ambayo Waafrika wengi waliijua tangu kwao Afrika Magharibi, na mwanzoni mwa miaka ya 1700 watu weusi walikuwa wengi kuliko wazungu. Ndiyo maana uasi wa watumwa wa Stono, 1739, ulitokea huko, na ndiyo maana Wagullah, wazao wa watumwa wa pwani ile, wana lugha yao mpaka leo. Mtoto anasoma mada ya watu wenye asili ya Afrika katika Dunia Mpya, yaani bara la Amerika, halafu hili anafichwa?

Na Georgia, 1733, wadhamini wake waliitaka iwe ya wakulima wadogo na ngome dhidi ya Wahispania wa Florida. Marufuku ya utumwa iliondolewa 1751, baada ya walowezi kuwaonea wivu jirani zao wa Carolina. Dogo alikuwa sahihi, arudishiwe maksi zake.

Walimu wa historia mliomo humu, nani anayakagua madesa haya kabla hayajafika steshenari? Nataka jibu, siyo kuambiwa eti mtihani hauulizi hayo.